Muulize Kwanza Unachokijua

Mwaka wa kwanza wa kazi hii nilikuwa mtu wa slaidi. Chuo kikinialika kuwafunza wahadhiri na watumishi kutumia akili unde, yaani AI (wenzetu wa Tanzania wanasema akili mnemba, nami sigombani na mtu), nilifika na slaidi arobaini: ChatGPT ilitoka Novemba 2022, inafanya hivi, haifanyi vile. Watu walitikisa vichwa, wakanywa chai na mandazi, wakaenda zao. Nikirudi baada ya mwezi, waliokuwa wakiiogopa bado wanaiogopa, na waliokuwa wakiitumia kichinichini bado wanaitumia vilevile.

Siku hizi projekta siiwashi. Nawaambia kila mmoja afungue simu aiulize ChatGPT, au programu nyingine ya akili unde, jambo ambalo yeye analijua kuliko mtu mwingine yeyote mle chumbani. Basi.

Hapa Kisumu nilikuwa na mhadhiri wa mambo ya uvuvi. Aliiuliza kuhusu omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, akaomba na marejeo matano. Jibu likaja limenyooka: sangara wametajwa, magugu maji yametajwa, lugha safi kuliko ya wengi wetu. Alipofika kwenye marejeo akanyamaza. Rejeo la tatu lilikuwa na jina lake, jarida analolifahamu, mwaka na nambari za kurasa. Makala yenyewe hajawahi kuiandika.

"Huyu amenipandisha cheo," akasema, chumba kizima kikacheka. Kisha akaniangalia: "Mwalimu, kama lisingekuwa jina langu, ningejuaje?"

Swali hilo lilifanya kazi ambayo slaidi zangu zote hazikuwahi kuifanya. Programu hizi hazina kabati la makala zinakoenda kuchomoa. Zimefunzwa kwa matini nyingi mno, na kazi yao ni kukisia kipande cha neno kitakachofuata, kisha kingine, kisha kingine. Jina la mtafiti wa samaki, jarida la samaki na mwaka ni vitu vinavyopenda kuandamana, nazo zinaviandamanisha. Zile zinazotafuta kwanza kwenye intaneti zimepunguza tatizo ila hazijaliondoa: kiungo kinaweza kufunguka vizuri kabisa na ukurasa ukawa unasema jambo jingine. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York, pamoja na kampuni yao, walitozwa faini ya dola 5,000 kwa sababu waraka wao mahakamani ulitaja kesi ambazo hazikuwahi kuwepo. Walikuwa watu waliosoma sheria, si wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Siku hiyohiyo mwalimu wa Kiswahili aliomba methali kumi kuhusu uvivu. Saba alizijua. Tatu, kwa maneno yake, "hata marehemu nyanya yangu angeshangaa". Zilikuwa na mizani, zilikuwa na vina, na hakuna mtu aliyewahi kuzisema. Kiswahili kilichoko mtandaoni ni kidogo sana ukikilinganisha na Kiingereza, kwa hiyo programu ikiishiwa hufikiri kizungu na kuvaa maneno yetu: "Natumai barua pepe hii inakukuta vyema." Kwa Kidholuo na Kibukusu hali ni mbaya zaidi. Anayetaka kuitumia kutafsiri tangazo la wazazi, amtafute kwanza mzee wa kulisoma.

Kutoka hapo kanuni yangu huwa moja tu: ipe kazi ambayo kuikagua kunakuchukua muda mfupi kuliko kuifanya mwenyewe. Mhadhiri aliyeandika maelezo yake ya somo anaweza kuibandikia maelezo hayo, aombe maswali kumi ya mazoezi, atupe manne, arekebishe mawili. Amepata faida. Lakini anayeiomba muhtasari wa kitabu ambacho hajakisoma hana cha kukagulia, atameza kinachokuja.

Mimi mwenyewe yalinikuta. Niliwahi kuipa madondoo yangu ya kikao inipangie kumbukumbu. Nilikuwa nimeandika "projekta – imejadiliwa". Ikanirudishia: "Kikao kiliazimia kununua projekta mpya." Sentensi nzuri, yenye sura rasmi, na uongo mtupu. Nilituma bila kusoma. Wiki iliyofuata mtu wa fedha alinipigia kuulizia nukuu za bei.

Sasa nije kwa makarani, maana semina nyingi huwasahau na wao ndio wanaoshika mafaili. Katika chuo kimoja ambacho sitakitaja, dada wa ofisi ya mitihani alinionyesha kwa fahari alivyokuwa akiibandikia programu orodha za alama ili impangie majedwali: majina, nambari za usajili, nani amerudia somo kwa sababu ya ugonjwa. Nilipomweleza kuhusu Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na kwamba sheria hiyo ina masharti kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya Kenya, akaniuliza kwani zimeenda wapi, yeye hajatoka kwenye kiti. Ni swali la haki kabisa. Unachobandika husafiri hadi kwenye kompyuta za wenye programu, ambazo huenda ziko nje ya nchi, na kwenye skrini hakuna kinachoonyesha safari hiyo.

Kipindi kilichofuata alikuja ameondoa majina yote. Tukasoma pamoja mstari mmoja: mwanafunzi wa kike, mwaka wa nne, ametoka kisiwa cha Mfangano, alijifungua muhula wa pili. Darasa lenyewe lina watu tisa. Akaweka kalamu chini, "Aii, huyu hata mlinzi wa lango anamjua." Tangu siku hiyo haibandikii data, anaiuliza namna ya kuandika fomula, kisha fomula anaiweka mwenyewe kwenye jedwali lake. Kazi inaisha haraka vilevile.

Na tafadhali, ile akaunti moja ya kulipia inayotumiwa na watu sita kwa nenosiri moja, ifungeni. Mazungumzo yote yanabaki mle. Nimeshuhudia mkuu wa idara akikutana na barua ya kujiuzulu ya mtu ambaye bado alikuwa hajamwambia.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni la vigunduzi, yaani programu zinazodai kutambua maandishi yaliyoandikwa na mashine: Mwalimu, tupe programu ya kuwanasa wanafunzi. Sitoi, na hapa msimamo wangu ni mkali. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walivijaribu vigunduzi saba kwa insha 91 za TOEFL, ule mtihani wa Kiingereza wa watu ambao si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilihesabiwa kuwa zimeandikwa na mashine, ilhali ziliandikwa na watu. Julai mwaka huohuo OpenAI, walioitengeneza ChatGPT, walikifunga kigunduzi chao wenyewe kwa kutokuwa sahihi vya kutosha. Mtoto wa Bondo au Webuye aliyefunzwa Kiingereza cha sentensi fupi na maneno ya kawaida ndiye hasa anayenaswa bure. Mwite ofisini, mwombe akueleze aya ya pili kwa mdomo wake. Dakika tano zinatosha. Ukiwa na darasa la watu mia nne najua hilo haliwezekani kwa wote, na hapo lawama ni ya ukubwa wa darasa, kigunduzi hakitaupunguza.

Jambo la mwisho kwa kawaida huzua ubishi. Kila mhadhiri anataka mwanafunzi aseme wazi wapi ametumia akili unde. Mimi huuliza ni wangapi wameandika hivyo kwenye maswali waliyotunga nayo, au kwenye ripoti waliyoipeleka kwa mkuu wa kitivo. Viti huanza kulia. Safari iliyopita profesa mmoja, mzee wa heshima zake, alibisha kwa dakika kumi kwamba chombo ni chombo, kwani nani hutangaza kalamu aliyoandikia? Sikumjibu sana. Wakati wa kufunga vitabu akaja hadi mezani kwangu na mpango wake wa kozi mkononi.

"Mstari mmoja unatosha?"

"Unatosha, Prof."

Akaketi, akauandika hapohapo kwa wino, chini ya tarehe ya mtihani.