Jeni yenye namba ya kiwanja

Ukipanda bodaboda hapa Arusha kwenda Njiro, humwambii dereva "Kiwanja namba 72, Kitalu C." Unamwambia kwa Mama Neema, pale penye mashine ya kusaga. Namba ya kiwanja ni ya pale ambapo bado hakuna mashine wala Mama Neema: kwenye ramani eneo limepimwa, ukifika unakuta majani na rundo la mawe.

Baadhi ya jeni zetu, yaani vipande vya DNA vyenye maelekezo ya kutengeneza protini, zina majina ya namna hiyo. Chukua C9orf72. C9 ni kromosomu ya 9, kifurushi kimojawapo cha DNA ndani ya seli. Orf ni kifupi cha Kiingereza cha kipande cha DNA kinachosomeka bila kukatika. 72 ni namba ya foleni tu. Umeambiwa jeni inakaa wapi, hujaambiwa inafanya nini.

Sasa kama kazi haijulikani, wanasayansi wamejuaje kuwa inatengeneza protini? Hapo ndipo panaponoga. DNA ina herufi nne, A, T, G na C, na seli huzisoma tatu tatu, hivyo kuna maneno 64. ATG huanzisha usomaji; TAA, TAG na TGA huusimamisha. Herufi zikijipanga ovyo, kama maharage yaliyomwagika sakafuni, utakutana na neno la kusimama kila baada ya maneno 21 hivi. Ukiona mstari umekwenda maneno 300 bila kusimama, hayo si maharage ya kumwagika. Ukikuta mstari unaofanana nao kwa panya, shaka inazidi kupungua. (Kwa binadamu kazi ni ngumu kidogo, maana jeni imekaa vipandevipande, navyo huunganishwa kwenye RNA, nakala ya jeni, kabla ya kusomwa.)

Tuna jeni za protini zipatazo 20,000, na watafiti hupenda kurudi kwa zile zile, kama TP53 ya saratani. Siwalaumu sana, nani atakupa pesa ya kuchimba kiwanja kisicho na jina?

Kazi ikijulikana, jina hubadilishwa. C10orf2 sasa ni TWNK, baada ya kuonekana kuwa protini yake hufungua nyuzi za DNA ndani ya mitokondria, vinu vya nishati vya seli. Lakini mwaka 2011 iligundulika kuwa herufi GGGGCC zikijirudia mamia ya mara ndani ya C9orf72, huleta ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli. Namba ikapata umaarufu kabla ya kazi kueleweka, na mpaka leo madaktari wanaiita hivyo hivyo.