Hakan Fidan hakumkamata Öcalan Nairobi

Kila muhula nikifika kwenye ujasusi wa Uturuki lazima mwanafunzi aniambie Hakan Fidan, huyu waziri wa mambo ya nje, ndiye aliyemnyakua Öcalan, kiongozi wa PKK, kundi la wapiganaji wa Kikurdi, pale Nairobi. Nimechoka kuisikia jamani! Öcalan alikuwa kajificha kwa balozi wa Ugiriki, tarehe 15 Februari 1999 akatolewa pale akapelekwa uwanja wa ndege, kumbe ndani ya ndege wanamsubiri Waturuki. Mkuu wa MIT, shirika la ujasusi la Uturuki, wakati huo ni Şenkal Atasagun, waziri mkuu Bülent Ecevit, chama cha Erdoğan hata hakijaanzishwa. Fidan mwaka huo bado ni mwanajeshi wa vyeo vya chini, na kule chuo kikuu cha Bilkent ndo anamalizia tasnifu ya masters kulinganisha ujasusi wa Uingereza, Marekani na Uturuki. MIT kaja kupewa 2010. Nawaambia kila siku, ukisoma habari za jasusi yeyote angalia kwanza mwaka alioshika ofisi ndo uanze kuamini hadithi.

Kinachoniuma ni kwamba uongo huu unafunika kazi aliyoifanya kweli, maana Fidan ndiye alikaa na PKK kwa siri kule Oslo, rekodi ikavuja 2011, Februari 2012 mwendesha mashtaka akamwita ahojiwe, Erdoğan akamkingia kifua na bunge likabadilisha sheria chapchap ili mtu wa MIT asiguswe bila ruhusa ya waziri mkuu. Halafu watu wa MIT chini yake wakawa wanaenda kisiwani İmralı kuongea na Öcalan huyohuyo gerezani. Mnamsifia pingu wakati yeye alikuwa mtu wa mazungumzo.

Eti alikuwa jenerali. Wapi! Jeshini kakaa 1986 mpaka 2001 bila kamisheni, kilichompandisha ni shule.

Wengine wanasema 2023 alirushwa tu kwenye diplomasia kutoka ujasusi. Kaongoza TIKA, shirika la misaada la Uturuki, 2003 hadi 2007, kabla hata ya MIT, kwahiyo mambo ya nje hayakuwa mageni kwake.

Na hii ya kwamba hafanyi kitu mpaka Erdoğan aseme: Februari 2015 alijiuzulu MIT agombee ubunge, Erdoğan akasema hadharani hakubaliani. Ni kweli Machi alirudi kwenye kiti chake, ila barua ya kujiuzulu aliiandika.