Tetemeko na darubini za kileleni: tunavyodhani na ilivyo kweli

Nasikia sana hii, eti Mauna Kea kule Hawaii ni volkano iliyolala, mara ya mwisho kulipuka ni kama miaka 4,500 iliyopita, kwahiyo darubini za kutazama nyota zilizo kileleni hazina cha kuogopa. Hapana jamani. Tarehe 15 Oktoba 2006, Jumapili saa 1 na dakika 7 asubuhi, lilipiga tetemeko la ukubwa wa 6.7, dakika saba baadae likaja la 6.0, na hakuna volkano iliyolipuka. Kumbe ni uzito! Milima ile ni mizito mpaka inalipinda tabaka gumu la dunia chini yake, na lile tetemeko la kwanza lilianzia karibu kilomita 40 chini huko.

Wengine wanasema kileleni ni mwamba mtupu hapatikisiki. Mwamba mgumu unasaidia kweli, ila Mauna Kea juu kuna vilima vya majivu na kokoto za volkano, halafu umbo lenyewe la kilele linakuza mtikisiko, ndo maana mtaalamu haridhiki na ukubwa wa tetemeko peke yake, anataka kujua ardhi ya PALE PALE itatikisika kwa nguvu gani.

"Mbona majengo hayakuanguka?" Ndio, lakini darubini mbili za Keck, zilizopo pale kileleni, zilikaa wiki kadhaa bila kurudi kwenye kazi yake ya kawaida. Kila moja ina tani kama 300 na inazunguka juu ya utando mwembamba wa mafuta, kioo cha mita 10 kimeungwa kwa vipande 36, sasa kitu kama hicho kikisogea kidogo tu tayari ni hasara, hata kama ukuta hauna ufa.

Na hili linaniuma zaidi: watu wakisoma "tetemeko la miaka 475" wanahesabu miaka kama vile litafuata kalenda. Maana yake ni uwezekano wa asilimia 10 kwamba litatokea ndani ya miaka 50, laweza kuja mwakani na kuna watu wanafanya kazi mle ndani.

Basi wahamie pasipo na matetemeko? Chile, kwingine kwenye darubini kubwa, hewa ni kavu na imetulia, anga safi ajabu, lakini chini yake bamba la Nazca (kipande kikubwa cha tabaka gumu la dunia kilicho chini ya bahari) linazama, na msukumo huohuo ndo ulioinua milima ya Andes. Kwahiyo darubini kubwa mno ya ELT pale kwenye mlima Cerro Armazones, yenye kioo cha mita 39, imewekewa kabisa vifaa vya kupunguza mtikisiko kwenye msingi.