Choki ya shotigani ya zamani: usiamini mhuri kabla ya kupima

Shotigani nyingi tunazoletewa kwa uchunguzi ni za urithi. Babu aliinunua enzi za mkoloni, baba akalindia shamba dhidi ya ngedere na nguruwe, na sasa leseni iko kwa mjukuu ambaye hana risiti wala kitabu cha maelekezo. Huyo mjukuu akifika kwetu huanza kuuliza bunduki ina umri gani na ina thamani gani. Sisi huanza na jambo jingine: mdomo wa mtutu umebanwa kiasi gani?

Tundu la mtutu wa shotigani si lazima liwe na upana mmoja toka nyuma hadi mbele. Katika sentimita chache za mwisho, mingi hupungua kipenyo kidogo, na mbano huo ndio mafundi wanaouita choki. Kazi yake ni kuyazuia marisau, yaani vidonge vidogo vilivyomo ndani ya risasi ya shotigani, yasitawanyike mapema. Kwa geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu), ambayo tundu lake la kawaida ni milimita 18.5, choki kamili hubana milimita 1 hivi, robo tatu milimita 0.75, nusu choki 0.5, na robo choki 0.25. Mtutu usio na mbano wowote huitwa silinda. Ni tofauti za kukwaruza tu kwenye chuma, lakini karatasini zinaonekana. Ukipiga kwa yadi 40, yaani mita 36.5, choki kamili hutarajiwa kuingiza takriban asilimia 70 ya marisau ndani ya duara la sentimita 76. Nusu choki huingiza 60, robo choki 55, silinda 40. Anayewinda kwale wanaoruka hatua chache mbele yake hana faida na choki kamili: ama atamkosa ndege, ama atamharibu asifae kupikwa. Kwa kanga aliye mbali, silinda nayo huacha mianya ambayo ndege mzima hupita katikati yake.

Kabla ya kugusa chochote, fungua bunduki, hakikisha chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi, haina risasi, tazama kwa jicho kisha hakikisha tena kwa kidole. Risasi zote zitoke kwenye chumba unachofanyia kazi. Upimaji wote hufanyika upande wa chemba ukiwa wazi, na kama mtutu unachomoka, uchomoe. Mtu asichungulie kamwe kupitia mdomo wa mtutu uliofungwa.

Sasa mihuri. Kwenye bunduki za Uingereza iko chini ya mitutu, karibu na chemba, na huonekana baada ya kuvua ubao wa mbele. London na Birmingham zina nyumba za ukaguzi ambako kila mtutu hujaribiwa kwa risasi nzito kuliko kawaida kabla ya kuuzwa. Choki yenyewe ilianza kushika kasi miaka ya 1870. William Pape wa Newcastle alipata hataza yake mwaka 1866, Sylvester Roper wa Marekani akapata ya kwake 1868, kisha W. W. Greener wa Birmingham akaitangaza kwa nguvu kuanzia 1874. Kwa hiyo mtutu uliotengenezwa kabla ya hapo karibu hakika ni silinda. Kuanzia 1875 wakaguzi wa Uingereza walipiga kwenye mitutu iliyobanwa maneno NOT FOR BALL, wakimaanisha usipigie risasi ya duara moja kubwa, na kuanzia 1887 wakaanza kupiga neno CHOKE. Neno hilo linakuambia kwamba mbano upo. Halikuambii ni nusu au ni kamili.

Hapo ndipo wengi hupotea, kwa sababu pembeni yake kuna alama nyingine inayovutia macho zaidi: namba 12 juu ya herufi C, ndani ya umbo la almasi. Nimesikia C hiyo ikisomwa kuwa choki, na nimesikia ikisomwa kuwa silinda. Si moja wala nyingine. Inahusu chemba, kwamba ni ya risasi za geji 12. Yenye faida kwetu ni namba ya tundu, kama 12 au 13/1, iliyopimwa inchi 9 kutoka nyuma ya mtutu siku ya ukaguzi. 13/1 ni inchi 0.719, sawa na milimita 18.26. Ukipima leo mahali palepale ukapata 18.6, ujue mtutu umekwanguliwa ndani baada ya kutoka kiwandani, pengine kuondoa kutu, na kuta zake zimekonda.

Bunduki za Ubelgiji hutambulika kwa herufi ELG ndani ya umbo la yai, mhuri wa Liège. Za Ujerumani za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia zina herufi W chini ya taji pale mtutu ulipobanwa. Wamarekani hawana nyumba ya ukaguzi ya serikali, hivyo ni kiwanda chenyewe kilichoandika FULL, MOD, IMP CYL au CYL pembeni ya mtutu, na maneno hayo angalau yanataja kiwango: kamili, nusu, robo, silinda.

Kisha kuna nyota, na hizi zimewakosesha watu wengi. Kwenye bunduki za Browning zilizotengenezwa na kiwanda cha FN cha Ubelgiji, zikiwemo zile za kujifyatua za Auto-5, nyota moja ni choki kamili, mbili ni nusu, tatu ni silinda. Kwenye bunduki nyingi za Kiitaliano na Kihispania, nyota moja ni kamili vilevile, lakini mbili ni robo tatu, tatu ni nusu, nne ni robo. Nyota tatu zilezile basi zinaweza kuwa silinda au nusu choki kutegemea nani aliyezipiga. Tambua kiwanda kwanza, ndipo uhesabu nyota.

Hata ukisoma mhuri sawasawa, umesoma habari za siku mtutu ulipotoka kiwandani. Bunduki yenye miaka 70 imepita mikononi mwa mafundi, na si wote waliokuwa mafundi. Mdomo ukiziba tope na bunduki ikapigwa, huvimba au kupasuka, na dawa ya haraka ilikuwa kukata kipande. Kwa kuwa choki iko mwishoni kabisa, kipande hicho huondoka nayo, huku neno FULL likibaki limeandikwa nyuma. Pima urefu: mitutu mingi ya kiwandani ni inchi 26, 28, 30 au 32. Ukikuta inchi 27 na robo, shuku. Kwenye bunduki ya mitutu miwili ya ubavu kwa ubavu, tazama mdomoni. Mitutu hiyo husogeleana kadiri inavyokwenda mbele na kwa kawaida hukaribia kugusana. Pengo lililozibwa kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa ni ushahidi wa msumeno. Angalia pia kama kitone cha kulengea kimehamishwa. Fundi mjanja aliweza hata kurudisha choki kwenye mtutu uliokatwa, kwa kupanua tundu nyuma kidogo ya mdomo ili mdomo wenyewe ubaki mwembamba kuliko sehemu inayoutangulia. Mtutu wa namna hiyo huudanganya upimaji wa mdomo peke yake.

Choki ni tofauti ya vipimo viwili, kipenyo cha tundu na kipenyo cha mdomo, na vyote viwili lazima vipimwe kwenye mtutu huohuo. Kipimo cha ndani cha ncha tatu ndicho tunachotumia, kwa sababu kinafika katikati ya mtutu. Vernia ya kawaida inaishia mdomoni, na mdomo wa bunduki ya zamani mara nyingi umegongwa ukawa si duara tena, kwa hiyo pima pande mbili zinazokatana. Safisha kwanza. Madini ya risasi yaliyoganda kwenye mbano yanaweza kuongeza choki ambayo haipo. Kisha pima kila sentimita chache ukielekea mbele, uone mbano unaanzia wapi.

Tuseme mtutu wa kulia unasoma 18.8 katikati na 18.5 mdomoni. Aliyepima mdomo tu, akilinganisha na kitabu kinachosema geji 12 ni 18.5, atasema silinda. Ukweli ni milimita 0.3, zaidi kidogo ya robo choki. Wa kushoto unasoma 18.7 na 17.8: ni 0.9, karibu na choki kamili. Ndivyo bunduki nyingi za mitutu miwili zilivyopangwa, wa kulia ulio wazi zaidi kwa ndege wa karibu na wa kushoto kwa aliyeondoka. Usipime mmoja ukaandika wote.

Marekani kuna ujanja wa zamani wa sarafu. Sarafu yao ya senti 10 ina kipenyo cha milimita 17.9. Wakiiweka mdomoni mwa geji 12 ikakataa kuingia, husema ni choki kamili. Kwa tundu la 18.5 hesabu inakwenda vizuri. Lakini kwa tundu la 18.3 lenye nusu choki mdomo ni 17.8, na sarafu inakataa vilevile. Ni mchezo mzuri wa kijiweni, basi.

Neno la mwisho ni la karatasi. Katika uwanja halali wa shabaha, kama fundi ameridhika kwamba bunduki ni salama kupigwa, tundika karatasi yenye upana wa zaidi ya mita 1, piga risasi moja kwa mita 36.5, chora duara la sentimita 76 kuzunguka pale marisau yalipojaa zaidi, hesabu matundu. Gawanya kwa idadi ya marisau yaliyokuwa kwenye risasi. Idadi hiyo usiikisie: marisau namba 6 ya Uingereza ni 270 kwa aunsi, ya Marekani namba ileile ni 225, kwa kuwa ni makubwa zaidi. Rudia kwa karatasi kadhaa, karatasi moja haitoshi. Na usishangae robo choki ya babu ikitoa matokeo ya nusu choki: vikombe vya plastiki vya risasi za sasa huyashika marisau pamoja kuliko vizibo vya sufi vya enzi zake.

Ukishajua choki, chagua risasi kwa uangalifu. Risasi ya duara moja haipiti salama kwenye choki kamili. Marisau ya chuma kigumu, yanayouzwa badala ya ya risasi laini, hayafinyiki, na yanaweza kuuvimbisha mtutu wa zamani pale unapobana, kwa hiyo yaache kabisa kama mtutu haukukaguliwa kwa ajili yake. Fundi akiwa na kipimo mkononi, mwombe apime na urefu wa chemba. Nyingi za Uingereza za zamani ni milimita 65, ilhali risasi nyingi za dukani leo ni za 70. Risasi hiyo itaingia na bunduki itafunga bila taabu, kwa sababu 70 ni urefu wa ganda baada ya kufunguka. Linapofunguka ndani ya chemba fupi, mdomo wake huziba njia ya marisau, na mgandamizo hupanda kwenye mtutu ambao pengine umekwishakwanguliwa mara mbili.