Shangazi Filomena

Nikianza kufundisha kuhusu Maria Lamas, mwandishi wa Ureno, naanza na gazeti la kudarizi, na wanafunzi wangu wa fasihi ya Kireno hucheka. Modas & Bordados, yaani mitindo na tarizi, lilikuwa jarida la wanawake la gazeti la O Século, Lisbon. Mama huyu, mzaliwa wa Torres Novas mwaka 1893, mtalaka aliyelea watoto kwa kalamu, aliliongoza kwa karibu miaka 20. Katikati ya mishono alipenyeza makala kuhusu elimu na kazi za wanawake.

Pia alijibu barua za wasomaji, kwa jina la Tia Filomena, Shangazi Filomena. Sisi tuliokua tukisoma safu za shangazi tunaijua kazi hiyo. Ila chini ya utawala wa Salazar, dikteta wa Ureno, sheria ilimruhusu mume kufungua barua za mkewe. Safu ya gazetini haina bahasha ya kuchana.

Januari 1947, akiwa rais wa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Ureno, aliandaa maonyesho ya vitabu vilivyoandikwa na wanawake. Vitabu tu, takriban 3,000, kutoka nchi mbalimbali! Serikali ikalifunga Baraza, ikidai tayari ina taasisi yake ya kuwaelekeza wanawake. Usukani wa jarida nao ukamtoka.

Kwangu mimi, hapo ndipo alipopata kazi yake kubwa. Maonyesho yale, pamoja na uzuri wake, yaliwafaa waliojua kusoma, na wanawake wengi wa mashambani hawakujua. Akabeba kamera akazunguka nchi nzima: wavuvi, wakulima, wafanyakazi wa viwandani. Matunda yake, As Mulheres do Meu País, yaani Wanawake wa Nchi Yangu, yalitoka kwa vijitabu vya mfululizo kati ya 1948 na 1950. Ukifungua kurasa zake unakutana na wanawake wamebeba mizigo kichwani, wengine peku. Baadhi ya picha zina ukungu, maana hakuwa mpiga picha wa kusomea, nami nazipenda zaidi hizo. Utawala uliohubiri kwamba mahali pa mwanamke ni nyumbani uliwekewa mezani picha za wanawake wakivunjika mgongo nje.

Baadaye aliishi uhamishoni Paris, 1962 hadi 1969. Sheria ile ya barua ilifutwa mwaka 1976, Shangazi akiwa amevuka miaka 80.