Maana ya tathmini ya hatari kwa afya: mfano wa samaki wa mapambo anayeng'aa

Danio ni samaki mdogo wa tangini, mwenye mistari kama ya pundamilia. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore walimpandikizia jeni ya yavuyavu, naye akang'aa kijani. Mwishoni mwa 2003 samaki wa aina hii, kwa jina la GloFish, wakaanza kuingia sokoni Marekani. Je, anaweza kumdhuru anayemfuga?

Kulijibu swali hilo kwa utaratibu ndiyo tathmini ya hatari kwa afya ya binadamu. Kwanza hutenganishwa mambo mawili: kihatarishi, yaani kinachoweza kudhuru, na mgusano, yaani kinamfikia mtu kwa njia gani na kwa kiasi gani. Bunju ana sumu inayoua, lakini hamdhuru asiyemla.

Kwa samaki anayeng'aa, huangaliwa kama ile protini mpya, inayotokana na jeni aliyopandikiziwa na kumfanya ang'ae, ni sumu, na kama inafanana na protini zinazojulikana kuleta mzio. Kisha huulizwa: je, anabeba vimelea vingi zaidi vya maradhi kuliko mwenzake wa kawaida? Hilo "kuliko" ndilo lenye uzito, maana hakuna tangi lisilo na vijidudu. Upande wa mgusano, huangaliwa nani hutia mkono majini, na kama nyumbani kuna watoto au mwenye kinga dhaifu. Kuliwa hakuhesabiwi sana. Huyu ni samaki wa kutazamwa.

Kanada ilimpima hivyo tetra wa kijani anayeng'aa, samaki mwingine mdogo wa mapambo, chini ya sheria yake ya mazingira ya 1999, ikaona hatari kwa afya ya watu ni ndogo.

Ndogo, si sifuri, na iliyopo haitokani na mng'ao. Bakteria aitwaye Mycobacterium marinum, jamaa ya yule wa kifua kikuu, huweza kuishi katika tangi lolote la samaki. Unasugua kioo huku kidole kina mkwaruzo. Wiki kadhaa baadaye kinatokea kivimbe chekundu kisichopona. Daktari asiyejua habari ya tangi anaweza kutibu ugonjwa mwingine kwa miezi. Kwa hiyo mwenye kidonda avae glavu, na ukienda hospitali na kivimbe cha namna hiyo, sema mapema kwamba unafuga samaki.