Gramu Mbili kwa Dola Milioni 57: Bei ya Almasi Hutoka Wapi?

Oktoba 2022, mjini Hong Kong, almasi ya rangi ya waridi yenye karati 11.15 iliuzwa mnadani kwa dola za Marekani milioni 57.7. Ukiigeuza kuwa gramu ni 2.23, sawa na nusu kijiko cha chai cha sukari. Jiwe hilo lilitoka mgodi wa Mwadui, mkoani Shinyanga, Tanzania. Likiwa ghafi lilikuwa na karati 32.32, na mwaka 2021 liliuzwa kwa dola milioni 13.8. Kwa hiyo theluthi mbili ya uzito iliishia kuwa vumbi na vipande kwenye meza ya mkataji, na bei ikapanda zaidi ya mara nne.

Sisi tunaokadiria thamani ya vito, swali tunaloulizwa kila mtu akifungua kikaratasi alichofungia jiwe lake ni lile lile: "Lina karati ngapi?" Ni swali halali, ila halifiki mbali. Karati moja ni gramu 0.2 (hii si karati ya dhahabu, ambayo hupima usafi wa madini na si uzito). Jina lenyewe limetokana na mbegu za mti wa karobu, ambazo wafanyabiashara wa kale wa pwani za Mediterania walizitumia kama mawe ya mizani. Wengi hudhani jiwe la karati mbili ni bei ya jiwe la karati moja mara mbili. Sivyo. Mawe makubwa ni adimu kuliko madogo, kwa hiyo bei ya kila karati nayo hupanda kadiri jiwe linavyokuwa kubwa. Pale Mwadui kwenyewe, tani 100 za mwamba hutoa karati chache tu, kwa kawaida zisizofika kumi, na nyingi kati ya hizo ni punje ndogo ndogo.

Hata hivyo, mawe mawili ya uzito mmoja yanaweza kupishana bei kama bodaboda na lori. Hapo ndipo mkato unapoingia. Mwanga ukiingia ndani ya almasi, kasi yake hushuka chini ya nusu na njia yake hupinda sana. Mkataji hodari huzipanga nyuso za jiwe (mkato wa duara uliozoeleka una nyuso 57 au 58) ili mwanga ulioingia kwa juu ugonge chini, urushwe upande wa pili, kisha urudi juu kwenye jicho lako. Jiwe likikatwa kwa kina kupita kiasi, au likawa bapa mno, mwanga huvujia chini na katikati huonekana giza. Wakataji wengine huacha jiwe likiwa nene kwa makusudi ili lisipungue uzito. Ukinunua jiwe la namna hiyo, umelipia karati ambazo jicho halizioni. Ukiniuliza mimi, afadhali jiwe dogo lililokatwa vizuri.

Rangi ina mambo yake. Kwa almasi za kawaida, thamani huwa kwa kukosa rangi: taasisi ya vito ya Marekani, GIA, hupanga ngazi kuanzia D, isiyo na rangi kabisa, hadi Z, yenye umanjano unaoonekana wazi. Umanjano huo huletwa na naitrojeni iliyonaswa ndani ya kaboni. Lakini rangi ikikolea kupita ngazi hiyo, hesabu hupinduka na jiwe huanza kupanda bei kwa sababu ya rangi yenyewe. Buluu huletwa na boroni. Waridi haina kiungo chochote cha kuonyesha kwa kidole: fuwele yenyewe ilikunjwa na shinikizo kubwa chini ya ardhi, na mkunjo huo ndio unaobadilisha mwanga unaopita. Mgodi wa Argyle wa Australia, uliokuwa ukitoa sehemu kubwa mno ya almasi za waridi duniani, ulifungwa Novemba 2020. Ukiongeza kwamba jiwe la Hong Kong lilikuwa na waridi iliyokolea na halikuwa na doa ndani, unaanza kuielewa ile bei.

Nalo halikuwa jiwe la waridi la kwanza kutoka Mwadui. Mwaka 1947, miaka saba baada ya mjiolojia Mkanada John Williamson kugundua almasi za Mwadui, ilipatikana pale almasi ya waridi ya karati 54.5. Williamson aliitoa zawadi ya harusi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Ilikatwa ikabaki karati 23.6, ikawekwa katikati ya pini ya kifuani yenye umbo la ua.

Kuhusu usafi nitasema kidogo tu. Madoa na nyufa za ndani hutafutwa kwa lenzi inayokuza mara 10. Kama doa halionekani bila lenzi hiyo, linapunguza bei kwenye cheti kuliko linavyopunguza uzuri kidoleni.

Sasa nyundo. Tafadhali iacheni. Kila mara hutokea mtu aliyeambiwa kwamba almasi halisi haivunjiki, akaigonga na kurudi na unga. Almasi haichoriki ila kwa almasi nyingine, lakini fuwele yake ina mielekeo minne ambayo hupasuka kirahisi. Kuchora kioo nako si ushahidi, maana hata kwatsi (madini ya kawaida yanayofanana na kioo) huchora kioo, na mawe mengi tunayoletewa ni kwatsi. Kipimo kidogo cha mkononi kinachopima joto kinasaidia, kwa kuwa almasi hupitisha joto kuliko shaba. Ila jiwe la kutengenezwa liitwalo moisanaiti hukidanganya pia.

Tabia nyingine ya almasi ni kwamba hukataa maji na kunata kwenye mafuta. Migodi imeitumia siri hiyo tangu zamani kwa kupitisha kokoto na maji juu ya meza iliyopakwa grisi; kokoto huteleza, almasi hubaki. Ndiyo sababu pete yako hufifia ukipika au kupaka losheni. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini vinatosha.

Kuna pia almasi za maabara, ambazo zimetengenezwa tangu miaka ya 1950. Ni kaboni ile ile, ugumu ule ule, na jicho la sonara halitazitofautisha. Bei yake imeshuka sana, kwa sababu kiwanda kinaweza kutengeneza nyingine kesho. Ukiuziwa jiwe kwa bei ya almasi ya ardhini, dai cheti cha maabara ya vito. Namba ya cheti mara nyingi huchongwa kwa leza kwenye ukingo wa jiwe; mwombe muuzaji lenzi, uisome mwenyewe kabla ya kutoa pesa.